Kijiti cha Pili

Binti wa kaka yangu kanitumia ujumbe wa sauti usiku, ananong'ona, nadhani alikuwa kajifungia chooni: "Shangazi, kukitoa kijiti kunauma?" Basi, kimya. Hata shikamoo hakuna, na yule mtoto shikamoo hasahau. Niliusikiliza nikiwa nimeshalala, mkono wa kulia ukaenda wenyewe kwenye wa kushoto, upande wa ndani, juu ya kiwiko, pale penye kakovu. Mnaonisoma siku nyingi mnaujua ule mwaka. Wengine mtanisamehe, sitausimulia wote.

Niliwekewa vijiti vya uzazi wa mpango baada ya mtoto wa pili. Kuwekewa hakukuwa kitu: ganzi, sindano nene, dakika chache, plasta, kwaheri. Aina yangu ni ya vijiti viwili, vinalazwa chini ya ngozi kwa umbo la V, kila kimoja urefu wa sentimita 4 na ushei, vya silikoni, vinaachia homoni kidogo kidogo kwa miaka 5. Namna vinavyofanya kazi nilielezwa vizuri sana, sina la kulalamika hapo. Ute wa mlango wa kizazi unakuwa mzito mbegu zisipenye, na miezi mingi yai lenyewe halitoki. Katika wanawake 100 wanaovitumia mwaka mzima, anayeshika mimba hafiki hata mmoja. Kweli tupu. Mimba sikushika.

Nilichopata ni damu. Wala si ya kumwagika, hiyo ningekimbilia hospitali na watu wangenihurumia. Ilikuwa matone. Leo matone, kesho pakavu, keshokutwa nimevaa nguo ya maana, matone. Kila mkoba niliokuwa nao ulikuwa na pedi, hata ule wa harusini ambao hauingii kitu zaidi ya simu. Homoni ya namna ile huufanya ukuta wa ndani wa kizazi kuwa mwembamba na kumeguka ovyo, kwa hiyo si ugonjwa, wala si uchafu uliokuwa umejificha mahali ukapata njia. Kuna wenzangu ambao damu ilikata kabisa, mwezi unaingia mwezi unatoka hawaoni kitu, nao wakawa na hofu yao: sasa inakwenda wapi? Haiendi popote. Haikutengenezwa. Nilikuwa nawasikiliza kwa wivu ambao sikuweza kuuonyesha.

Nikaenda kuomba vitolewe. Nesi niliyemkuta alikuwa binti mdogo, mpole, ana sauti ya kubembeleza. "Dada, vumilia kidogo, mwili utazoea." Akanipa vidonge vya kutuliza damu. Vikatuliza, vikaisha, damu ikarudi. Nikarudi na mimi. Safari hiyo akaniuliza kama baba watoto anajua. Nikamuuliza anajua nini. Akasema, kwamba unataka kutoa. Nilipokuja kuweka hakuna aliyeniuliza hivyo. Sasa mkono wangu mwenyewe umeingia kwenye kikao. Halafu akanikumbusha miaka bado haijaisha, tena kwa masikitiko, utadhani nimekopeshwa. Nikaondoka nimevumilia tena.

Yaliyofuata nyumbani nayaruka. Ni yale yale mnayoyajua: mwanamke anayetokwa na damu kila wiki, mwanaume anayesema haina neno, na kitanda ambacho watu wawili wanageukia kuta mbili tofauti.

Siku yenyewe nilimkuta nesi mwingine, mama mtu mzima, miwani ameishusha puani. Nilikuwa nimejiandaa. Nimepanga hoja zangu njia nzima, ya damu, ya uchovu, ya mumeo anajua.

"Unataka vitoke?"

"Nataka, mama."

"Lala."

Hoja zangu zote zikabaki kifuani. Nikalala, mkono nimeukunja kichwani, kwapa wazi, naona dari. Akaanza kupapasa. Vidole vyake vilikuwa baridi na havina haraka. "Hiki hapa kimoja." Vidole vikasogea. Vikarudi. Vikabonyeza, vikaachia, vikabonyeza. Sikusikia "hiki hapa cha pili."

Akamwita mtu. Akaingia yule yule binti wa kuvumilia. Tulitazamana, akaangalia trei.

Dawa ya kusafishia ilikuwa ya kahawia, ikanitiririka hadi kwapani. Kitambaa chenye tundu. Ganzi. Hapo nisimdanganye mtoto wa watu: sindano ya ganzi inachoma, tena inaunguza, kwa muda wa kuvuta pumzi na kuishusha mara chache. Baada ya hapo mkono ni wa mtu mwingine. Alichana mahali padogo, milimita chache tu, kwenye ncha ya ile V, kisha akakisukuma kijiti kwa kidole kutoka upande wa pili mpaka kichwa chake kikajitokeza kwenye mchano. Hakikuja uchi. Mwili ulikuwa umekishonea koti jeupe, ngozi nyembamba iliyokizunguka chote, na ilibidi akwangue kwa wembe hadi silikoni ionekane. Kukwangua ndiko nilikokusikia, si kwa maumivu, kwa mtikisiko, unapanda hadi begani. Akakibana kwa koleo, akavuta. Akakiweka kwenye sahani ya chuma. Nilitegemea kitalia. Ni laini, hakikulia.

"Kimoja," akasema. "Zamani tulikuwa tunatoa 6. Shukuru Mungu."

Si utani. Vile vya kwanza kabisa, Norplant, vilivyoidhinishwa Ufini mwaka 1983, vilikuwa 6 kwa kila mwanamke. Nililala pale nikiwaombea wale wanawake wote.

Cha pili kikagoma. Akapapasa, akanyamaza, akapapasa. Akaniambia jambo ambalo nimeliweka moyoni hadi leo: "Nisichokishika sichimbi." Mkononi mle kuna mishipa ya damu na ya fahamu, huwezi kwenda unatafutatafuta na koleo. Kisipopatikana atafunga, kidonda kipone, niende altrasaundi wakione kilipo. Mimi nikasikia kitu kimoja tu, kwamba nitarudi nyumbani na nusu ya kazi.

Ndipo yule binti akasema, kwa sauti ndogo, hata sijui alikuwa anamwambia nani, "Mimi kutoa nimeona mara moja tu. Kuweka ndiyo tulifanya sana."

Mama hakumgeukia. "Njoo ushike hapa."

Binti akavaa glavu nyingine. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, navihisi pale pembeni ambapo ganzi haijafika. Na mimi, ambaye kwa miezi yote ile nilikuwa nalala nimekishika kile kitu, nakisukuma kwa kidole gumba gizani, nakichukia kwa jina, nikasema, "Shuka kidogo. Rudi huku kwapani. Hapo, kimekaa kimeinama." Kimya. Halafu akasema "Ee!" kwa sauti ya mtoto. Akabonyeza upande wa mwisho kama alivyoelekezwa, mama akashika koleo, wakapokezana, kwangua, bonyeza, hapana, rudisha, kwangua tena. Dari ilikuwa na doa la maji lenye pembe nyingi. Ningeweza kulichora sasa hivi. Aliyevuta mwisho ni yule binti.

Wakavilaza viwili sambamba kwenye shashi, wakavipima kwa macho vyote ni vizima, hakuna kipande kilichobaki. Mama akanionyesha na mimi. Viwili vyeupe, vimelowa damu kidogo. Nilidhani nitasikia raha. Nilisikia njaa.

Nimewaza mara nyingi kuhusu ile "vumilia." Nilikuwa nimemwekea yule binti kesi nzima kichwani: ananidharau, ananihesabu kwenye takwimu zake, anamlinda mume wangu. Huenda alikuwa anaogopa tu. Huenda alikuwa akiniangalia mkono anaona kitu anachojua kukiingiza na hajui kukitoa, na neno lililokuwa karibu mdomoni ni vumilia. Au huenda alikuwa na vyote viwili, hofu na lile la baba watoto anajua. Sikumuuliza. Alinifunga bandeji vizuri, akaniambia nisilowanishe kwa siku kadhaa na kwamba patavilia. Palivilia, zambarau hadi kijani.

Mama naye alikuwa hajamaliza. "Sasa unatumia nini?"

Nikasema nitafikiria.

"Fikiria haraka. Homoni hii inaisha mwilini ndani ya siku chache. Si sindano ya kuzuia mimba hiyo, ambayo ukiiacha unaweza kungoja miezi. Wewe mimba inaweza kukukuta mwezi huu huu."

Akanipitisha kwenye maswali: natumia dawa za kifafa, za kifua kikuu, za VVU, maana baadhi yake hupunguza nguvu za homoni. Hapana, hapana, hapana. Homoni sitaki kuisikia tena. Tukaelewana kitanzi cha shaba, kile kinachowekwa ndani ya kizazi, nije kwenye siku zangu, kama zitakumbuka kuja kwa mpangilio. Nikadhani tumemaliza.

"Na magonjwa?"

Nikacheka. "Mama, nimeolewa."

Yeye hakucheka. "Na mimi nimeolewa."

Akafungua droo, akatoa boksi la kondomu, akaliweka juu ya mkoba wangu. Hakuhubiri. Akaita anayefuata.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma matokeo ya ule utafiti mkubwa wa ECHO, wa 2019. Wanawake 7,829 wa Kenya, Zambia, Eswatini na Afrika Kusini, wengine sindano, wengine kitanzi cha shaba, wengine vijiti, kuona kama njia mojawapo inaongeza hatari ya VVU. Tofauti kubwa haikuonekana, na watu wengi walishukuru, kwa sababu sindano ilikuwa imesemwa sana. Mimi nilisimama kwenye namba nyingine. Katika kipindi cha utafiti wanawake 397 waliambukizwa, wakiwa na sindano, wakiwa na kitanzi, wakiwa na vijiti. Wote wamelindwa wasishike mimba. Nikamkumbuka mama wa watu na droo yake.

Siku ile nilifika nyumbani na bandeji na boksi. Baba watoto aliiona bandeji, akanipa pole, ya kweli kabisa. Halafu akaliona boksi.

"Hizi za nini?"

"Za kungojea kitanzi."

Akakubali. Ilikuwa sababu nzuri, ina mwanzo na mwisho, haimgusi mtu. Kitanzi kikaja. Miezi ya mwanzo hedhi ilikuwa nzito na tumbo likinikata, baadaye vikatulia, na kinakaa miaka 10 au zaidi, sina ugomvi nacho. Lakini kilivyoingia kikanila sababu yangu. Boksi lilipoisha nikaleta jingine, na yeye si mjinga. Akaniuliza, bila hasira, kama kitanzi kipo hizi zina kazi gani. Nikamwambia kitanzi kina kazi yake, na hizi zina kazi yake.

Alinyamaza, akavua saa, akaiweka mezani. Akasema tutaongea.

Bado hatujaongea. Boksi lipo, tunalitumia siku nyingine, siku nyingine hatulitumii, na anayeamua leo ni ipi sijui kama ni mimi au ni yeye.