Adapta ya ISDN na namba ya pili iliyokataliwa

Mwaka 1997, katika ofisi moja huko Marekani, modemu iliondolewa mezani na mahali pake ikaja adapta ya ISDN, yaani laini ya simu ya kidijitali yenye chaneli mbili za B za kubeba sauti au data na chaneli moja ya D ya kubeba ishara. Kazi ya kuipanga ikaniangukia mimi. Naitaja Marekani kwa sababu ndiko mteja alikopewa SPID, yaani namba ya utambulisho ambayo swichi ya kampuni ya simu, mtambo wa kuunganisha simu, iliidai kabla ya kukubali kupitisha simu yoyote. Kwa laini ya Ulaya, ukishachagua DSS1, kanuni ya ishara ya huko, na kuandika namba zako za simu, sehemu hiyo ilikuwa imekwisha.

Adapta yenyewe ilikuwa na NT1, kifaa cha kumalizia laini ya kampuni ya simu, ndani yake, hivyo waya mbili za laini ziliingia moja kwa moja bila kisanduku cha kati. Nyuma ilikuwa na matundu mawili ya simu za kawaida na poti ya siriali ya pini 25. Kabla ya kuwasha chochote nilipima kebo. Upande wa kompyuta wenye pini 9, pini ya 7 na ya 8 ndizo RTS na CTS, ishara za kuruhusu na kusimamisha data, na upande wa pini 25 ni ya 4 na ya 5. Kebo nyingi za bei rahisi huziacha hizo bila waya. Ukiitumia kebo kama hiyo adapta itajibu amri zote vizuri kabisa, kisha itapoteza data mara tu faili kubwa itakapoanza kushuka, nawe utailaumu laini.

Baada ya kuwasha, taa ya laini ilipepesa kwa muda kisha ikatulia. Hapo tabaka la chini kabisa lilikuwa limekamilika: adapta na swichi zimekubaliana kwenye waya. Taa hiyo isipotulia, usifungue menyu. Tatizo liko nje: pengine umbali umezidi kama kilomita 5.5, au kwenye laini kuna koili zilizowekwa zamani ili sauti ya simu isififie. ISDN haipiti kwenye koili hizo, na anayeweza kuzitoa ni fundi wa kampuni ya simu peke yake.

Programu ya teminali niliipanga kwa kasi ya 115,200, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. AT ikajibiwa OK. AT&F ikarudisha mipangilio ya kiwandani, ATE1 ikafanya nione ninachoandika, na AT&V ikaonyesha kila thamani iliyokuwemo. Kuanzia hapo nilihamia kwenye menyu, kwa kuwa amri za aina ya swichi na SPID hutofautiana kwa kila mtengenezaji na hazikumbukwi kirahisi.

Karatasi ya kampuni ya simu ilisema swichi ni 5ESS. Menyu ilitoa machaguo matatu: 5ESS ya kipekee (programu ya mtengenezaji wake), DMS-100 na NI-1 (kiwango cha pamoja cha Marekani). Ukifuata karatasi, unachagua la kwanza. Nikalichagua, nikahifadhi, nikaizima adapta na kuiwasha tena, kwa sababu aina ya swichi haisomwi upya mpaka adapta ianze mwanzo. Hakuna SPID iliyokubaliwa.

Jibu lilikuwa kwenye karatasi ileile. 5ESS ni jina la mtambo, na mtambo huo huweza kuendesha programu yake ya kipekee au programu ya NI-1. Adapta inataka kujua programu, mtambo haiuhusu. SPID ya 5ESS ya kipekee huanza na 01, hufuatiwa na namba ya simu yenye tarakimu saba, kisha 0. Zilizoandikwa pale zilikuwa na tarakimu 14: namba kamili ya simu yenye tarakimu kumi, kisha tarakimu nne za mwisho. Huo ni mtindo wa NI-1. Nikabadilisha, nikahifadhi, nikaiwasha upya.

Safari hii SPID ya kwanza ilikubaliwa. Ya pili ikakataliwa.

Hapa ndipo kumbukumbu ya matukio ya D chaneli inapolipa gharama yake, na adapta isiyokuwa nayo singeinunua. Kwenye skrini ilionekana adapta ikiomba TEI, namba ambayo swichi huitumia kukitambua kifaa kwenye laini, mara mbili na kupewa zote mbili, kila moja kati ya 64 na 126, kama kawaida ya zile zinazogawiwa na swichi. Tabaka la pili lilikuwa zima. Kisha kila SPID ilitumwa kwa TEI yake. Ya kwanza ikarudishiwa kitambulisho, ya pili ikarudishiwa sababu namba 100, yaani ujumbe umefika ila yaliyomo si sahihi. Basi waya, TEI na aina ya swichi havikuwa na kosa. Zilizobaki ni tarakimu zenyewe.

Nikazitazama tena. SPID ya kwanza ilikuwa namba ya simu ya kwanza pamoja na 0101. Ya pili ilikuwa namba hiyohiyo ya kwanza pamoja na 0202. Aliyeiandika alidhani chaneli ya pili ni tawi la namba ya kwanza, kumbe kwenye laini ile kila SPID ilijengwa juu ya namba yake ya simu. Nikaandika namba ya pili ikifuatiwa na 0101, na taa zote mbili zikatulia. Mtu wa kampuni ya simu alithibitisha baadaye kwa simu kwamba ndivyo ilivyokuwa kwenye swichi.

Menyu ya vipimo ilikuwa na kipimo cha kujipigia: chaneli B moja hupiga namba ya nyingine kwa simu ya data. Kipimo hiki hukifanya kabla ya kumgusa mtoa huduma wa intaneti, kwa sababu kikirudisha sababu namba 57, maana yake chaneli iliagizwa kwa sauti tu, na hakuna kitu cha kubadilisha kwenye adapta. Kilipita.

Kumpigia mtoa huduma kulileta CONNECT 64000 kisha kimya. Adapta ilikuwa bado kwenye V.120, kanuni ya kubeba data ya siriali juu ya ISDN, wakati upande wa pili ulitaka PPP, kanuni ya kuingia intaneti kwa simu. Nilipochagua kugeuza PPP isiyolandana (ya siriali, baiti moja moja) kuwa inayolandana (ya ISDN, biti mfululizo), skrini ilijaa takataka zinazoanza na ~ÿ}#À!. Kwa anayezijua, takataka hizo ni habari njema: ni fremu za LCP, yaani PPP ya upande wa pili inaomba kuanza mazungumzo. Kama simu ingeunganika na fremu zikafika zimeharibika, ningeshusha hadi 56,000, kwa kuwa baadhi ya njia za zamani kati ya swichi za Marekani zilichukua biti ya nane kwa ajili ya ishara zake, na katika biti 64,000 zilibaki 56,000 za kutegemea.

Kuziunganisha chaneli zote mbili kulidai mambo mawili zaidi. La kwanza ni nywila. Kompyuta inaona simu moja tu, kwa hiyo simu ya pili inathibitishwa na adapta yenyewe. Kwa PAP, njia ya uthibitisho inayotuma nywila wazi, adapta huinakili nywila inapopita kwenye simu ya kwanza. Kwa CHAP, inayotuma jibu lililokokotolewa kutokana na nywila, nywila yenyewe haipiti kabisa, hivyo lazima iandikwe kwenye menyu, la sivyo chaneli ya pili inaunganika na kukatika papo hapo.

La pili ni poti ya kompyuta. Kila baiti kwenye siriali hubeba biti ya kuanza na ya kusimama, hivyo 115,200 hutoa baiti 11,520 kwa sekunde. Chaneli moja inahitaji 8,000, mbili 16,000. Poti ya kawaida yenye chipu ya 16550 haiwezi kuzidi hapo, kwani saa yake ya megahezi 1.8432 ikigawanywa kwa 16 ndiyo hiyo 115,200. Iliingizwa kadi yenye saa ya kasi zaidi, ikapangwa 230,400, na &K3 ikawashwa ili RTS na CTS zifanye kazi yake.

Nikahifadhi kwa AT&W. Jambo la mwisho lilikuwa kwenye kompyuta: programu ya kupiga simu ilikuja na AT&F kama amri yake ya kuanzia, mabaki ya siku za modemu, na kwenye adapta ile &F ilifuta hadi aina ya swichi na SPID. Nikaiondoa, nikaweka ATZ, inayorudisha mipangilio iliyohifadhiwa.