Nilivyofunga krauni na pinioni mpya kwenye Hilux, kwa msaada wa mzani wa ndoano

Difu ya nyuma ya Hilux yangu ilikuwa inalia nikikanyaga mafuta mlimani na kunyamaza nikiachia. Kelele ya namna hiyo mara nyingi ni ya krauni, lile gia kubwa la ndani ya difu, na pinioni, gia dogo linaloizungusha. Ingekuwa inanguruma muda wote ningeanza na beringi. Oili ilipotoka ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yalishaingia siku nyingi, na meno ya pinioni yamemenyeka upande unaosukuma gari mbele. Gari hili linashusha viazi kutoka Matamba hadi Chimala kwenye ile barabara ya kona 57. Sikushangaa.

Kabla ya kuagiza Dar nilihesabu meno: krauni 41, pinioni 9, yaani uwiano wa 4.556. Lazima ulingane na wa difu ya mbele. Ukitofautisha halafu ukaingiza fowili (magurudumu yote manne yakivuta) kwenye ardhi kavu, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanavutana mpaka kitu kikatike. Tena krauni na pinioni hununuliwa jozi, kwa sababu hulinganishwa kiwandani. Ukiambiwa "kaka, chukua pinioni tu, mpya kabisa," ondoka dukani.

Kazi yenyewe ni ya vipimo, na shimu ya pinioni ndiyo inayokula muda. Shimu ni pete nyembamba ya chuma, hukaa nyuma ya kichwa cha pinioni, chini ya beringi. Ikiongezwa unene, pinioni inaisogelea krauni. Nilianza na shimu iliyotoka kwenye pinioni ya zamani, ila sikupiga beringi mpya moja kwa moja. Nilichukua ile ya zamani, nikasugua tundu lake kwa msasa hadi ikaingia kwa mkono. Kwa hiyo kila nilipobadili shimu sikuhitaji kuing'oa beringi kwa nguvu na kuiharibu. Wakati wa majaribio bushi ya kubonyea, ile inayokaa kati ya beringi mbili za pinioni na kubonyea nati ikikazwa, niliiacha nje, nati ikakazwa kiasi cha kuondoa mchezo tu.

Krauni inabana sana kwenye kiti chake, na kitabu cha Toyota kinaagiza ipashwe moto hadi nyuzi 100 kwenye maji yanayochemka. Sufuria, jiko la mkaa, basi. Mbeya ipo mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, lakini iliingia bila nyundo. Uipanguse ikauke kabisa, kisha ukaze bolti kwa kukingamanisha, kidogo kidogo, hadi niutoni-mita 97.

Ikaja plei, yaani nafasi kati ya meno. Nilikuwa na mzee mmoja fundi wa Uyole, mtu wa Land Rover tangu ujana wake. Aliitikisa krauni kwa vidole viwili, akasema, "Imekaa, mwanangu." Nikamwambia, "Mzee, naomba tuiangalie na kwenye saa." Geji ya saa tulikuwa tumeiazima kwa fundi wa leth. Mshale ukaruka hadi 0.31. Kwa difu hii ya inchi 8 inatakiwa milimita 0.13 hadi 0.18. Mzee akavaa miwani, akautazama mshale, akasema, "Haya, fungua huku tundu moja, kaza kule tundu moja." Hapo alikuwa sahihi kabisa: nati za pembeni zikihamishwa sawasawa, krauni inasogea bila kubadili mkazo wa beringi zake. Tulipima sehemu kadhaa kuzunguka krauni, maana sehemu moja inaweza kukudanganya. Geji hiyo ndiyo kifaa pekee ambacho sikuona mbadala wake.

Ili kuona meno yanagusana wapi, rangi ya mafuta ya njano, nzito, ikapakwa kwenye meno machache, krauni ikazungushwa huku nikiizuia kwa kipande cha mbao. Alama ikatokea juu, karibu na ncha za meno. Maana yake pinioni iko mbali, ongeza shimu. Ingetokea chini kwenye shina, ningepunguza. Tukafungua, tukafunga, tukapima plei upya, hadi alama ikatulia katikati ya jino.

Ndipo nikaweka beringi mpya, oili sili na bushi mpya. Bushi hii ukiipitiliza hairudi, unanunua nyingine, kwa hiyo nati inakazwa kwa mapigo madogo kwa bomba refu. Kipimo chake ni uzito wa kuizungusha pinioni: kwa beringi mpya, kilo 10 hadi 16 kwa sentimita 1 ya nusu kipenyo. Nilizungushia uzi kwenye shingo ya flenji (pale propela shafti inapofungwa kwenye pinioni), yenye nusu kipenyo cha sentimita 5, nikaufunga kwenye mzani wa ndoano wa muuza nyama na kuvuta taratibu. Ukisoma kilo 2 hadi 3 wakati inazunguka, umefika. Usisome wakati inaanza kuondoka. Kipimo hiki kinafanyika kabla ya krauni kurudishwa. Ikirudi, plei na rangi vinaangaliwa tena.

Safari za mwanzo nilienda bila mzigo, mwendo mdogo hadi Igawilo, nikisimama ipoe. Baada ya kilomita 800 nilimwaga oili na kupitisha sumaku ya spika ya redio ndani yake. Ilinasa ujiuji wa kijivu, laini, hakuna hata chembe ya kukwaruza kidole. Nikajaza 80W-90 mpya, na gari likarudi Matamba.