Sura ya mwaka 1976

Kwa siku kadhaa sasa kichwa changu kiko kwenye sura moja tu ya kitabu cha mzee. Jumamosi huwa napanda Machame kumsikiliza akisimulia maisha yake ya siasa, tunaandika pamoja. Siku nyingine naandika safu ya vitabu gazetini, riwaya hasa. Zamani niliziona kazi hizi kama mashamba mawili yasiyopakana. Leo kazi ya uhakiki ndiyo inayonikosesha raha kwenye ile ya pili.

Mzee alishika nafasi serikalini na chamani miaka ya sabini. Jina lake silitaji mpaka kitabu kitoke, tulikubaliana hivyo. Kumbukumbu zake zinanishangaza: anajua nani alikaa wapi mkutanoni, gari gani lilipasuka tairi wakienda Same, na simu ya saa nane usiku ilitoka kwa nani. Nikirudi mjini na kusikiliza nilichorekodi, kurasa zinajiandika. Lakini tulipofika mwaka 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika, alitoa sentensi moja, kisha akaruka hadi kuzaliwa kwa CCM Februari 1977.

Aliyekulia Moshi ataelewa kwa nini sentensi hiyo ilinikaa kooni. Wakulima wa huku walikuwa na chama chao cha kahawa tangu 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ikaanza mwaka 1933. Ada za shule zilitoka kwenye kahawa iliyopimwa kwenye chama cha msingi, na wazee wetu walikisema chama kile kwa fahari, kama mtu anavyoisema nyumba aliyoijenga mwenyewe. Jengo la KNCU bado limesimama mjini, si mbali na mnara wa saa. Baba yake mzee alikuwa mwanachama. Mwanawe alikuwa upande wa serikali iliyokivunja. Hilo nalo lipite kwa sentensi moja?

Kwa ajili ya makala moja nimeirudia Gamba la Nyoka ya Kezilahabi, ya mwaka 1979. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila anayeishi shamba awe anaishi kijijini, na riwaya ile imeandikwa wakati watu bado wana vumbi la kuhama miguuni. Inaingia nyumbani kwa aliyekubali, ikaingia na kwa aliyekataa. Tawasifu haina ruhusa hiyo, ina macho ya mtu mmoja. Hata hivyo, kitabu cha mzee kingeletwa kwangu nikihakiki, ningeandika bila kusita kwamba baba yupo sura nne za mwanzo, anapalilia, anauza kahawa, anamlipia mtoto shule, halafu anatoweka pasipo maelezo.

Kishawishi ninacho. Naweza kumwandika baba yule ameketi kibarazani, mwana anaingia na gari la serikali, maneno makali yanatoka. Mzee pengine angeisoma, akaipenda na kuiacha. Lakini ingekuwa riwaya yangu iliyovikwa jina lake, na wajukuu zake wangeiamini. Hilo silifanyi.

Kwa hiyo nilimuuliza. Nilimkumbusha kwamba Mwalimu mwenyewe, mwaka 1984, alisema hadharani kuwa kama angeanza upya asingefuta serikali za mitaa wala kuvunja ushirika. Mzee alikaa kimya muda mrefu, halafu akasimulia kwa Kimachame. Mimi wa Rombo nilikuwa naambulia vipande vipande, mama mwenye nyumba, mkewe, akanisaidia. Mzee alisema baba yake hakugombana naye hata siku moja. Aliacha tu kumuuliza habari za kazi. Akija kihambani, kwenye shamba la migomba na kahawa la nyumbani, baba alizungumza naye migomba, ng'ombe, mvua na misiba ya ukoo. Kazi ya mwanawe, ambayo aliuza kahawa miaka yote ile ili aisomee, hakuitaja tena mpaka ushirika uliporudishwa miaka ya themanini.

Nimesoma riwaya nyingi zinazohangaika kumwonyesha mzazi aliyeumizwa na mtoto wake, na chache zimenigusa kama hilo.

Sasa tunabishana. Mzee anasema, "Mwanangu, hayo ni ya nyumbani," tena anaogopa wasomaji watadhani anamlaumu Mwalimu. Mimi nasema ziko nyumba nyingi mkoani humu zilizoishi na kimya cha aina hiyo, na watoto wao hawajawahi kukiona kimeandikwa. Mama yuko upande wangu, ingawa mbele ya wageni hasemi.

Nimeandika aya mbili, kwa maneno yake alivyoyatoa. Majuto sikuyaweka kwa sababu hakuyatamka. Mhariri wa kitabu ameniomba nimalizie sura kwa mzee kumwomba baba yake radhi, msomaji apate pa kupumzikia. Nimekataa. Radhi hiyo kama haikuombwa kihambani, haiwezi kuombwa na mimi kwenye kompyuta.

Jumamosi nampelekea mzee sura hiyo kwa namna mbili, yenye aya hizo na isiyo nazo. Jina kubwa kwenye jalada ni lake, uamuzi ni wake. Nitamsihi kadiri heshima inavyoruhusu, na nitamwomba amsomee mama kwanza, kwa sauti, kabla hajashika kalamu ya kukata.