Njia ya Oregon: kutoka karakana ya Hiram Young hadi shamba la Bush

Shemeji yangu ni seremala Morogoro. Alipokuja kutusalimia hapa Kansas City, kila mtu alidhani nitampeleka New York akapige picha. Yeye alitaka kuona nchi yenyewe, kwa hiyo tukakodi gari tukaelekea magharibi kuifuata Njia ya Oregon. Ni njia ya zaidi ya kilomita 3,200, kutoka Missouri hadi Oregon, upande wa bahari ya Pasifiki. Kati ya miaka ya 1840 na 1860, yenyewe na matawi yake ya California na Utah ilipitisha mamia ya maelfu ya watu waliokuwa wakitafuta ardhi, dhahabu au mahali pa kuabudu kwa amani.

Tulianzia Independence, Missouri, mji ambao siku hizi umeungana kabisa na Kansas City. Msafara mkubwa wa kwanza, watu wapatao 1,000, uliondoka maeneo haya mwaka 1843. Watu walitoka Aprili au Mei. Ukiwahi mno, nyasi hazijaota na mifugo inakufa njaa. Ukichelewa, theluji inakukuta milimani upande wa pili, na safari yenyewe ni ya miezi minne hadi sita.

Mtu niliyetaka shemeji amfahamu kabla ya yote ni Hiram Young. Alizaliwa mtumwa Tennessee, akajinunulia uhuru mwaka 1847, na mwaka 1850 akahamia Independence na kufungua karakana ya kutengeneza magari ya kukokotwa pamoja na nira za maksai. Kufikia 1860 alikuwa mmoja wa watengenezaji wakubwa wa mji mzima, akitoa mamia ya magari na maelfu ya nira kwa mwaka. Wateja wake wakubwa walikuwa wafanyabiashara wa kwenda Santa Fe, lakini maksai hachagui nira. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipomharibia mali, aliidai serikali fidia. Akafa mwaka 1882 kesi haijaisha, na mwaka 1907 ikatupwa.

"Ya kwetu hayo," shemeji akasema. Alikuwa amechuchumaa mbele ya gari la zamani kwenye makumbusho, anapapasa gurudumu.

Gurudumu lile alilichunguza muda mrefu kuliko kitu kingine chochote tulichoona njiani, na alichonieleza sikuwahi kukisoma kwenye bango lolote. Pete ya chuma inayozunguka gurudumu huvalishwa ikiwa ya moto, halafu inamwagiwa maji ili isinyae na kubana mbao. Ubora wake wote uko kwenye kubana kule. Sasa chukua mbao zilizokauka katika hali ya hewa ya Missouri, yenye unyevu, uzipeleke Wyoming ambako hewa ni kavu kama tanuri. Mbao zinasinyaa, chuma hakisinyai, na pete inaanza kucheza. Ndiyo maana wasafiri wale walikuwa wakiyalaza magurudumu mtoni usiku kucha yavimbe, au wakipigilia vipande vya mbao kati ya pete na gurudumu. Seremala asiyejua kuchagua mbao aliweza kuiua familia ya mtu kilomita 1,000 kutoka karakanani kwake.

Na familia ile haikukaa ndani ya gari kama picha zinavyopenda kuonyesha. Gari halikuwa na springi, lilijaa unga, nyama ya nguruwe ya chumvi, vyombo na matandiko. Wenye afya walitembea. Waliovuta wengi walikuwa maksai: wa bei nafuu kuliko nyumbu, wanakula nyasi yoyote, na mambo yakiwa mabaya wanaliwa. Hawana hatamu, mswagaji hutembea ubavuni mwao na fimbo yake. Hesabu kilomita 25 kwa siku, siku njema.

(Kwetu jambo hili lilijaribiwa pia. Wamisionari wa London walitaka kupitisha magari ya maksai kutoka Saadani hadi Mpwapwa miaka ya 1876 na 1877. Mbung'o waliwamaliza ng'ombe, na mizigo ikarudi kwenye mabega ya wapagazi.)

Nebraska haina maneno mengi. Mto Platte ni mpana, una kina kifupi na umejaa matope, na unaufuata siku nzima bila kuona jambo jipya. Lakini bila mto huo njia isingekuwepo, maana ulitoa maji, majani na ardhi tambarare kwa mamia ya kilomita. Miti hakuna, kwa hiyo chakula kilipikwa kwa mavi makavu ya nyati wa huko, ambayo kina mama na watoto waliyaokota kwenye aproni wakitembea.

Maji hayohayo ndiyo yaliyoua. Filamu zimetuzoesha kudhani kwamba wasafiri walimalizwa na mishale, ilhali hesabu ya wanahistoria kwa miaka 1840 hadi 1860 ni wasafiri 362 waliouawa na wenyeji, na wenyeji 426 waliouawa na wasafiri. Kipindupindu peke yake kiliwaacha nyuma sana hao wote. Maelfu ya watu walipiga kambi palepale walipolala wenzao jana, wakachota maji palepale karibu na vyoo vya jana. Mtu aliamka mzima, jioni anazikwa. Makaburi mengi yalichimbwa katikati ya njia na magari yakapitishwa juu yake, ili mbwa mwitu wasinuse.

Karibu na Scottsbluff kuna moja lililosalia. Rebecca Winters alikufa kwa kipindupindu Agosti 1852. Rafiki wa familia alichukua pete ya gurudumu, akaikunja upinde, akachonga kwa mkono jina lake na umri wake, miaka 50, kisha akaisimika kaburini. Herufi zile zilidumu kiasi kwamba wapimaji wa reli walipozikuta mwaka 1899, walisogeza njia ya treni kidogo ili wasilifukue kaburi. Mwaka 1995 lilihamishwa, mbali na reli. Tulipofika upepo ulikuwa mkali na treni ya makaa ya mawe ikapita, mabehewa yasiyoisha. Shemeji alisoma herufi kwa kidole, akasema mchongaji alianza vizuri, mwishoni nafasi ikambana.

Fort Laramie, ngome ya zamani ya jeshi, tulipita haraka, ila ya hapo lazima yasemwe. Mwaka 1851 maelfu ya wenyeji wa makabila ya Lakota, Cheyenne, Arapaho, Crow, Shoshone na wengine walikutana na maofisa wa serikali jirani na hapo. Walikubali wasafiri wapite kwa usalama, nao wakaahidiwa malipo ya dola 50,000 kila mwaka kwa miaka 50. Seneti ikapunguza miaka ikawa 10. Nyati walikuwa wameshaanza kuhama bonde la Platte, nyasi zimeshalishwa hadi mizizi. Shemeji aliuliza kama Lakota na wenzao walirudishwa mezani kuambiwa mkataba umebadilika. Nikamwambia asome mabango yote, halafu anijibu yeye.

Kama una nafasi ya kusimama mahali pamoja tu, simama Guernsey, Wyoming. Hapo mto ulizilazimisha gari zote kupanda kilima kimoja cha mawe ya mchanga, zikafuatana kwenye mfuo uleule mwaka hadi mwaka. Chuma cha magurudumu na kwato za wanyama zikalisaga jiwe hadi kina cha mita moja na nusu. Niliingia ndani ya mfereji ule ukanifika kifuani. Kwenye kuta zake unaona mstari ulioachwa na vitovu vya magurudumu vikikwaruza jiwe.

Halafu Independence Rock, ule mwamba wa matale ambao kila msafara ulitaka kuufikia kabla ya tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wa Marekani, wakachora majina yao. Halafu South Pass, mahali pa kuvukia Milima ya Rocky. Wengi hutegemea South Pass iwe korongo la kutisha. Ni uwanda mpana wa majani ya kijivu, mita 2,259 juu ya usawa wa bahari, unapanda bila kujua kama unapanda. Ulegevu huo wa mwinuko ndio uliofungua bara kwa magurudumu, maana kaskazini na kusini yake gari lisingepita. Wasafiri wenyewe walijua wamevuka baada ya kufika Pacific Springs na kukuta maji yanakwenda magharibi.

Idaho tuliilala usingizi kwa zamu. Mwishoni kulikuwa na mlima Hood, na barabara ya kulipia ya Sam Barlow iliyofunguliwa mwaka 1846, dola tano kwa gari. Waliokwisha kuishiwa walilipa kwa walichonacho.

Na huko Oregon kwenyewe, mtu kama Hiram Young asingekaribishwa. Mwaka 1844 serikali ya muda ya walowezi ilipiga marufuku weusi kuishi humo, adhabu ikiwa viboko. Kifungu cha viboko kilifutwa haraka kabla ya kutumika, lakini marufuku zilirudi, na ile ya katiba ya 1857 haikuondolewa hadi 1926. George Bush, mkulima mweusi mwenye uwezo kutoka Missouri, aliikuta sheria hiyo baada ya kutembea njia nzima na mkewe Isabella, watoto na marafiki zao weupe. Wakageukia kaskazini wote, wakavuka mto Columbia, mwaka 1845 wakaanzisha makazi ambayo leo ni Tumwater, jimbo la Washington. Ndiyo maana sisi hatukuishia Oregon City, mwisho wa njia; tulienda hadi huko, kwenye tambarare ambayo bado inaitwa Bush Prairie, jirani na uwanja wa ndege.

Mwaka wa njaa, 1852, Bush alikataa kuwauzia wafanyabiashara nafaka yake, akaigawa kwa majirani. Shamba lenyewe halikuwa lake kisheria, kwani sheria ya ardhi ya 1850 ilimbagua. Majirani walipeleka ombi, na mwaka 1855 Bunge la Marekani likapitisha sheria maalumu ya kumpa ekari 640. Kura hakupewa. Alifariki mwaka 1863, na mwaka 1889 mwanawe William Owen aliingia katika bunge la kwanza la jimbo.