Wanawake wa Barnbow na zamu ya usiku

Leo ni tarehe 5 Desemba, na sisi tunaoishi upande wa mashariki wa jiji la Leeds, Uingereza, tuna wafu wetu wa kuwakumbuka siku hii. Ni wanawake 35 waliofariki kazini usiku wa tarehe hii mwaka 1916, katika kiwanda cha kujaza makombora cha Barnbow, kati ya Cross Gates na Garforth. Mimi nilikulia Tanga, na nilifika hapa bila kujua kwamba kiwanda hicho kiliwahi kuwapo. Tangu nilipoanza kusoma habari zake, kinachonishika zaidi ni yale waliyoyafanya wenzao waliobaki hai, na hayo ndiyo ninayotaka kuyaandika leo kabla sijaingia zamu.

Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Uingereza lililokuwa likipigana Ufaransa lilipungukiwa mno na makombora, na serikali ikaanza kujenga viwanda vipya kwa haraka, Barnbow kikiwa kimojawapo. Wanaume wengi walikuwa wamekwisha kwenda vitani, hivyo kufikia mwisho wa mwaka 1916, kati ya wafanyakazi wapatao 16,000 wa kiwanda hicho, asilimia 93 walikuwa wanawake na wasichana. Walitoka Leeds yenyewe, York, Wakefield, Castleford na Harrogate, wakiletwa na treni maalumu, 38 kwa siku, kwenye reli iliyotandikwa hadi mlangoni pa kazi. Katika viwanda vya aina hii waliingia wanawake wengi waliokuwa watumishi wa majumbani au washonaji, na mshahara waliokuta ulikuwa bora kuliko ule waliouacha. Nalitaja hilo la mshahara mapema kwa makusudi, kwa sababu wasimulizi wa vita hupenda kutuonyesha kwamba wanawake hawa walikwenda kwa ajili ya bendera tu. Mtu hulipwa, hulipa kodi ya nyumba, humpelekea mama yake chochote, na bado anaweza kuipenda nchi yake kwa dhati.

Kazi ilikwenda kwa zamu tatu za saa nane, siku sita za juma, na zamu ya usiku ilianza saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Hapo ndipo ninapowaelewa vizuri zaidi. Nami hufanya zamu ya usiku, kazi ya kutunza wazee, na mwenzangu wa zamu ni mama mmoja wa Bukavu ambaye mimi humwita dada na yeye huniita mdogo wangu, ingawa hatujazidiana sana kwa umri. Urafiki wetu haukuanzia kwenye mazungumzo marefu. Ulianzia kwenye mambo madogo ya kazi: nani anashika upande gani wa shuka tunapomgeuza mgonjwa, nani anakwenda kumwita muuguzi, nani anajua kwamba leo mwenzake amelala saa mbili tu na hafai kuachiwa dawa azihesabu peke yake. Huhitaji kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba umechoka, kwa kuwa amekwisha kuona namna ulivyovua koti.

Nikisoma utaratibu wa Barnbow, naona ukaribu wa aina hiyo ulivyokuwa sehemu ya kazi yenyewe. Kabla ya kuingia kwenye vyumba vya kujazia, kila mwanamke alivua nguo zake za nje, akavaa gauni la kazi na kofia ya kitambaa, na viatu vyenye soli za mpira. Vibanio vya nywele, vitana, sigara na viberiti vilikatazwa kabisa, kwa maana cheche moja ilitosha. Fikiria maelfu ya wanawake wageni kwa wageni, wakivua na kuvaa mbele ya macho ya wenzao, mara mbili kwa kila zamu, mmoja akimfunga mwenzake kofia vizuri ili unywele usitokeze. Usahaulifu wa mmoja ungeweza kuwaua wote waliokuwa chumbani, na kwa hiyo kumwangalia mwenzako kwa makini lilikuwa jambo la kuokoa maisha.

Baruti nayo iliwaachia alama. Waliofanya kazi na TNT, kemikali ya kulipua iliyojazwa kwenye makombora, ngozi zao ziligeuka kuwa za manjano, na huko nje watu wakawapa jina la ndege wa rangi hiyo. Kiwanda kiliwapa maziwa wanywe kwa imani kwamba yangewakinga, na kilikuwa na shamba lake lenye ng'ombe 120. Mimi nafikiri juu ya mwanamke aliyepanda treni akiwa na uso wa manjano na kutazamwa na abiria wengine, kisha akaingia kwenye behewa la wenzake ambamo kila uso ulifanana na wake.

Usiku ule zamu ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Katika chumba namba 42 walikuwamo wanawake na wasichana wapatao 170, wakishughulikia makombora ya inchi nne na nusu. Makombora hayo yaliletwa yakiwa yamekwisha kujazwa baruti. Kazi yao ilikuwa kutia viwashio kwa mkono, kisha kifuniko kikakazwa kwa mashine. Saa 4 na dakika 27 kombora moja lililipuka mashineni. Wanawake 35 walifariki na wengine wengi wakajeruhiwa, na baadhi ya waliofariki walitambuliwa tu kwa visahani vya utambulisho walivyovaa shingoni. Mwanamume mmoja, fundi wa mashine, aliingia na kutoka mara kadhaa akiwavuta majeruhi, na wafanyakazi wa vyumba vingine walikimbilia ndani kusaidia huku hatari ikiwa haijakwisha.

Kisha, miili ilipokwisha kuondolewa, wanawake wengine walijitolea kuingia katika chumba hichohicho, na kazi ikaendelea baada ya kusimama kwa muda mfupi tu.

Waandishi wengi hukitaja kitendo hicho kama ushahidi wa uzalendo, na sitaki kuwanyang'anya wanawake wale uzalendo wao. Lakini mimi nasadiki kwamba mtu harudi kwenye chumba cha namna ile kwa ajili ya ufalme peke yake. Anarudi kwa sababu nafasi iliyo wazi pale mezani ilikuwa ya mtu aliyemjua, aliyekaa naye kwenye treni, na kwa sababu asipoingia yeye ataingia mwenzake mwingine. Mimi na dada yangu wa Bukavu hatujawahi kukaribia hatari kama ile, wala silinganishi. Hata hivyo, mwaka ule wa janga la korona, tulipokuwa tukiingia kwenye vyumba vya wagonjwa bila kujua nani atafuata kuugua, kilichonitoa nyumbani kila jioni kilikuwa kumjua yule ambaye angebaki peke yake endapo nisingefika.

Kilichofuata kinanikasirisha hadi leo. Vita vilikuwa vikiendelea na habari zilidhibitiwa, basi magazeti hayakueleza kilichotokea, na matangazo ya vifo yalisema tu kwamba marehemu alifariki kwa ajali. Umma ulikuja kuelezwa ukweli miaka sita baada ya vita kumalizika. Waliokuwa marafiki wa marehemu, waliojua kila kitu kwa macho yao, waliombolezaje katika miaka yote hiyo? Naamini waliomboleza wao kwa wao, kwenye mabehewa yale ya treni na kwenye chumba cha kuvalia, mahali ambapo hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Mwaka huohuo wa 1916 vita hivyohivyo vilikuwa kwetu pia. Tanga ilichukuliwa na Waingereza mwezi Julai 1916, wanaume walikamatwa kwa mamia ya maelfu kubeba mizigo ya majeshi, na chakula cha vijijini kikachukuliwa, hadi Ugogo ikaingia katika njaa ya Mtunya. Waliobaki na jembe, mtwangio na watoto walikuwa wanawake, na hakuna aliyewavisha kisahani chenye jina. Ninapowasoma wa Barnbow huwafikiria na hao, na husikitika kwamba habari zao siwezi kuzisoma.

Vita vilipokwisha Novemba 1918, kazi za makombora nazo zilikwisha na wanawake wakaachishwa. Mwaka huo walio na miaka 30 na kuendelea, tena wenye sifa ya mali au nyumba, walipewa haki ya kupiga kura. Wasichana wengi wa viwandani hawakufikia umri huo, na walingoja hadi 1928. Kitu kimoja walichoondoka nacho kilikuwa mpira wa miguu. Viwanda vingi vya silaha, Barnbow kikiwamo, vilikuwa na timu za wanawake waliofanya kazi pamoja, na mechi zao zilichangisha fedha kwa ajili ya majeruhi. Kazi ilipokwisha, timu ilikuwa sababu ya kuendelea kukutana. Ile ya kiwanda cha Dick, Kerr cha Preston ilivuta watazamaji wapatao 53,000 katika uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool, siku moja baada ya Krismasi ya mwaka 1920.

Mwaka uliofuata Chama cha Mpira cha Uingereza kilitangaza kwamba mchezo huo haufai kwa wanawake na kikawafungia viwanja vya vilabu vyake vyote. Uamuzi huo ulitolewa tarehe 5 Desemba 1921, miaka mitano kamili baada ya mlipuko wa Barnbow. Uliondolewa mwaka 1971. Msichana aliyenusurika chumba namba 42 akiwa na miaka 20 alikuwa tayari na miaka 75.