Wanaanga hawaelei, wanaanguka

Kila ikitoka video ya wanaanga wako ndani ya kituo chao, nywele zimesimama, maji yamejikunja duara hewani yanatembea, ukishuka kwenye komenti lazima umkute mtu anamwelimisha mwenzake kwamba kule juu hamna graviti ndo maana wanaelea. Na watu wanalike, hakuna anayembishia. Mi leo nabisha.

Kile kituo cha kimataifa cha anga za juu (ISS) kinazunguka kwenye kimo cha kama kilomita 400. Ukiisikia 400 unaona mbali sana, ila uvutano wa dunia huupimi kuanzia ardhini, unaupima kuanzia katikati kabisa ya dunia, na toka huko katikati mpaka hapa tulipokanyaga ni kama kilomita 6,371. Kwahiyo sisi tuko 6,371 na mwanaanga yuko 6,771, sasa hiyo nayo ni tofauti? Uvutano unapungua kwa kipeo cha pili cha umbali, piga hesabu utaona kule juu bado upo karibu asilimia 89 ya huu wa huku chini. Huku kitu ukikiachia spidi yake inaongezeka mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde inayopita, kule ni kama 8.7. Yaani tuseme umejenga mnara wa kilomita 400 kwenda juu, ukapanda mpaka kileleni na mizani yako ya bafuni, kama huku ulikuwa unasoma kilo 70 kule itasoma kama 62, na utasimama wima vizuri tu na miguu yako, huelei popote.

Sasa mbona wao wanaelea? Wanaanguka. Wao, kituo chenyewe, maji, kalamu, kila kitu kilichomo kinaanguka kwa pamoja muda wote, hakuna kinachomwahi mwenzake. Uzito tunaousikia mwilini siyo uvutano wenyewe, ni sakafu. Dunia inakuvuta chini, sakafu inakukatalia inakusukuma juu, na huko kusukumwa ndo unakokusikia kwenye nyayo na mgongo na kila mahali. Ruka toka juu ya ukuta, kile kipande kifupi kabla hujatua hakuna kinachokusukuma kwahiyo husikii uzito wowote, na wala graviti haijaenda likizo. Mwanaanga ni hivohivo, tofauti yake na wewe ni kwamba yeye hatui.

Na hatui kwanini, hapa ndo panaponifurahisha mimi kuliko pote. Isaac Newton, yule mwanasayansi Mwingereza wa kanuni za mwendo, aliliwaza hili zaidi ya miaka 250 kabla mtu yeyote hajarusha chombo chochote huko. Akasema tuchukulie kuna mlima mrefu sana, juu yake kuna mzinga, unapiga tufe kwa ubavu, sawasawa na ardhi. Litaenda kidogo litadondoka. Ongeza baruti, litaenda mbali zaidi, litadondoka. Ila dunia ni duara, kwahiyo tufe likienda mbali vya kutosha ardhi nayo inaanza kupinda kwenda chini. Kitu chochote kikiachiwa, sekunde ya kwanza kinashuka mita 4.9, na ukitembea juu ya dunia kwa mstari ulionyooka kama kilomita 7.9 ardhi inakuwa imeshapinda ikakuachia hizohizo mita 4.9. Kwahiyo tufe likiwa na spidi ya kilomita 7.9 kwa sekunde (na hewa tuiweke pembeni kwanza) linashuka mita 4.9, ardhi nayo inashuka 4.9, linashuka tena, ardhi tena, na hawakutani milele. Kwenye kimo cha kilomita 400 inatosha kama 7.7, kituo kinamaliza mzunguko mmoja kwa saa moja na nusu hivi, ndo maana wale jamaa wanaona jua linachomoza kama mara 16 kwa siku.

Alafu kuna wanaodhani kuna injini inanguruma muda wote kukipeleka kituo mbele. Hamna. Hii ni ile kanuni ya kwanza ya mwendo ya Newton ambayo shuleni watu wanaikariri kama shairi na mtihani ukiisha imeisha: kitu kinachoenda kitaendelea kwenda kwa spidi ileile na upande uleule mpaka kani fulani (yaani msukumo au mvuto) ikiguse. Shida yetu huku chini tunaishi kwenye msuguano, ukiacha kusukuma kitu kinasimama, kwahiyo Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na watu wengi baada yake kwa karne na karne waliona kabisa kwamba mwendo unahitaji msukumaji, na siwalaumu hata kidogo, macho ndo yanaonyesha hivo. Ilibidi aje Galileo, mwanasayansi wa Italia, na vitufe vyake vya kubingirisha kwenye mbao za mteremko ndo ionekane siyo hivo. Kituo kinawasha injini mara mojamoja tu, manake hata kwenye kimo kile bado kuna hewa nyembamba sana inayokikwaruza na kukishusha polepole, kwahiyo wanakipandisha tena.

Swali zuri ambalo mtu anaweza kuuliza: kituo kina tani zaidi ya 400, mtu ana kilo 70, inakuwaje waanguke sawa? Kwa sababu kanuni ya pili ya Newton inasema mchapuko (yaani jinsi spidi inavyoongezeka) ni kani ugawanye kwa ugumu wa kitu kusogezwa. Kituo kinavutwa kwa kani kubwa zaidi kwa maelfu ya mara, ila na ugumu wake wa kusogezwa ni mkubwa kwa mara hizohizo, ukigawanya mchapuko unatoka uleule. Mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 alilionyesha hili mwezini mwaka 1971, nyundo mkono mmoja, unyoya mkono mwingine, akaachia, vikatua pamoja. Huku unyoya unachelewa kwa ajili ya hewa tu.

Huo ugumu wa kusogezwa ndo tungamo, na haupotei hata ukiwa unaelea. Mizani ya kusimamia kule ni bure, haikanyagwi, kwahiyo kuna kifaa chenye springi unajishikiza nacho kinakutikisa mbele na nyuma, mwenye tungamo kubwa anatikisika polepole, mwembamba haraka, wanapima muda wanapata kilo zako. Huwezi kudanganya eti uko hewani umepungua!

Na mwezi nao unaanguka, hesabu ni ileile. Uko mbali mara 60 ya sisi kutoka katikati ya dunia, 60 mara 60 ni 3,600, gawanya zile mita 4.9 unapata milimita 1.4 hivi kila sekunde. Newton alipopima jinsi njia ya mwezi inavyopinda akakuta inakubaliana na namba hiyo, na mwaka 1687 akaichapisha. Kabla ya hapo watu wengi waliamini mambo ya mbinguni yana sheria zake na ya huku chini yana zake.

Mtu akishaelewa hivi hata kurudi kwao kunaleta maana. Hawarudi kwa kugeuza pua na kulenga chini. Wanageuza chombo injini iangalie mbele, wanaiwasha dakika chache, inatoa gesi kwenda mbele nao wanasukumwa nyuma (hiyo kanuni ya tatu, sina la kuongeza), na spidi wanayopunguza ni kama mita 100 na ushee tu kwa sekunde kati ya zile 7,700. Basi. Hapo ardhi haiwakimbii tena vya kutosha, upande wa pili wa dunia wanaingia kwenye hewa nzito, na breki iliyobaki karibu yote inapigwa na hewa yenyewe.