Samaki malaika kwenye maji ya Mtwara: nilivyowaweka mpaka wakataga

Nimechoka kusikia kwamba samaki malaika, wale wa mapambo wanaofugwa kwenye tangi la kioo, hawakai Mtwara kwa sababu ya joto. Joto halijawahi kuwa tatizo. Asili yao ni bonde la mto Amazon, huko Brazil, Peru na Kolombia, na wanataka maji ya nyuzi 24 hadi 28. Hapa Shangani tangi langu linakaa humo humo karibu mwaka mzima. Hita naiwasha usiku wa kipupwe tu. Kinachowaua samaki hawa kwetu ni ugumu wa maji, na hilo hakuna aliyeniambia.

Maji ya kisima chetu ukichemshia chai, sufuria inashika ukoko mweupe. Ukifulia, sabuni inagoma kutoa povu. Chokaa hiyo. Ukanda wetu wa pwani una mawe ya matumbawe, hayo hayo yaliyojengewa majumba ya kale ya Mikindani. Nilipopima, pH (kipimo cha asidi: ikiwa chini ya 7 maji yana asidi, ikizidi 7 yanaegemea chokaa) ilipita 8, wakati samaki malaika anapenda kati ya 6 na 7.5 na maji laini. Waliozalishwa kwenye matangi huvumilia zaidi, ndiyo maana wanaweza kuishi miezi huku mwenyewe akidhani mambo ni shwari. Wangu walibana mapezi na kujibanza pembeni, chakula wanakionja na kukitema.

Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam alinishauri kwa simu niweke mawe ya baharini na makombe, ati maji yatakaa safi. Kabla ya kuyaweka nilikata ndimu nikaikamulia juu ya jiwe. Likatoa povu pale pale. Jiwe linalotoa povu kwa ndimu lina chokaa, na ndani ya tangi litaendelea kuyeyuka polepole na kupandisha pH kila siku. Tangu hapo hakuna kinachoingia kwangu bila kupita kwenye ndimu. Mchanga wa ufukweni ulifeli, kwa sababu umejaa vipande vya makombe. Mchanga wa mto wanaouza mafundi ujenzi ulifaulu. Uoshe tu, tena na tena, mpaka maji yatoke meupe.

Sasa majani ya mkungu, ule mti wa kungu. Wafugaji wengi wanayasifu kwa kushusha pH, na sisi mikungu tunayo kila kona. Niliokota yaliyodondoka yenyewe, yale makavu ya kahawia, nikayasuuza na kuyatumbukiza. Maji yakageuka rangi ya chai ya rangi, yanapendeza kweli. Nikapima kwa furaha: pH iko pale pale. Nikaongeza majani, maji yakakolea mpaka samaki wa nyuma haonekani, na kipimo hakikusogea. Ndipo nilipoelewa kwamba chokaa iliyomo majini inaimeza asidi ya majani yote. Kwenye maji magumu mkungu unabadilisha rangi tu. Lazima kwanza upunguze chokaa, na dawa ya hilo inadondoka bure juu ya bati.

Mvua zetu zinaanza kuelekea Desemba na kwenda mpaka Aprili hivi. Nilinunua mapipa makubwa ya plastiki yaliyokuwa na mafuta ya kula, elfu thelathini na kitu kila moja, nikayasugua vizuri. Mvua za kwanza ziache ziende, zinasafisha vumbi na mavi ya ndege. Baada ya hapo kinga. Mimi nachanganya madebe mawili ya mvua kwa debe moja la kisima. Usitumie mvua tupu, kwa sababu haina kitu cha kuishikilia pH, inaweza kuporomoka ghafla. Na usibadilishe maji yote kwa mara moja. Mimi natoa robo kila wiki. Kwa mchanganyiko huo, yale majani ya mkungu yaliyokuwa hayafanyi kazi yakaanza kufanya kazi. pH ilishuka hadi karibu 7, na samaki wakafungua mapezi. Nilikaa mbele ya kioo mpaka chakula cha usiku kikapoa.

Habari ya kuacha filta, yaani kichujio cha maji, izunguke wiki kadhaa kabla ya kuweka samaki, ili vijidudu vinavyosafisha maji vizaliane, sielezi zaidi, wafugaji wanaijua.

Kuhusu wenzao, ushauri mbaya kuliko wote niliopewa ni kuwachanganya na mbuna wa Ziwa Nyasa, kwa hoja kwamba ni familia moja. Familia ni moja kweli, lakini mbuna anataka maji magumu yenye pH ya 8 hivi, tena ni mgomvi. Kusema kweli, mtu wa Mtwara au Lindi asiyetaka kuhangaika na mapipa afuge mbuna. Maji ya kisima yatawafaa. Barbu chui nao wakatae, wanatafuna yale mapezi marefu. Tetra neoni wanaishi kwa amani mpaka malaika wakue, kisha usiku mmoja baada ya mwingine wanapungua. Chochote kinachoingia mdomoni mwa malaika ni chakula.

Mimi nina koridorasi sita wanaochakura mchanga chini, na pleko mdogo mwenye ndevu anayelamba kioo. Malaika wenyewe niliwanunua wadogo, kundi, nikawaacha wachaguane. Tangi liwe refu kwenda juu, sentimita 45 au zaidi, maana mapezi yao yanasimama.

Umeme ukikatika pampu inasimama, na maji ya moto yana oksijeni kidogo. Chota kwa jagi na umimine kutoka juu, kila baada ya dakika chache, hata kama ni saa nane usiku.

Jozi yangu imetaga kwenye bomba la filta. Siku ya tatu mayai yakaanguliwa, na wazazi wakawafukuza koridorasi mpaka kona ya mwisho. Jozi ikifika hapo ihamishie tangi lake. Langu la pili fundi analimalizia wiki hii.